Vikombe Thelathini

Daftari langu lina mistari ya aina mbili.
Mstari ulionyooka, kwa rula, juu ya jina:
huyu amevuka barabara, yuko shule ya serikali.
Mstari uliopinda, wa mkono mtupu:
huyu naye amevuka, ila sijui kwenda wapi.

Mimi ni mwalimu wa banda la Muyeye.
Mabati kumi na manne, ubao mmoja,
chaki nazikata vipande vitatu
kama muhogo wakati wa njaa.
Kazi yangu, ukiitazama vizuri, ni kufuta majina.
Nikifuta vyema, nimefaulu.

Januari niliwapeleka watatu.
Mwalimu mkuu alikuwa mpole, sitamsingizia.
Alinipa orodha:
cheti cha kuzaliwa, viatu vyeusi,
rimu moja ya karatasi, fedha ya dawati, sweta.
Sweta, Malindi, Januari,
kuku wenyewe wanatweta kivulini.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Nikaikunja orodha mara mbili, nikashukuru.

Mamake Mbodze alisema mwanawe alizaliwa
mwaka wa mafuriko, mahindi yakiwa kiunoni.
Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa,
wakabakiza kona yenye muhuri.
Kona ile tuliipeleka kwa karani mara nne.
Nauli ya safari nne ni sketi nzima.
Mara ya nne karani alikuwa semina.
Mstari uliopinda.
Mbodze analea mtoto wa watu huko Watamu, nasikia,
na jioni humfundisha herufi.

Ngowa alikuwa msomaji.
Gazeti lililofungia maandazi alilisoma
kabla hajayala, hata matangazo ya vifo.
Walimpima, wakamtia darasa la tatu,
miaka kumi na minne,
magoti yamegoma kuingia dawatini.
Wenzake wakamwita Baba.
"Baba, tununulie peremende!"
Alivumilia wiki tatu.
Wiki ya nne nilimkuta Maweni, machimboni,
nyundo mkononi, vumbi jeupe hadi kwenye kope.
"Huku, Mwalimu, hakuna anayeniuliza umri."
Nilikuwa na jibu, tena refu.
Nyundo ikaendelea.

Nyevu ndiye niliyemchorea kwa rula.
Sketi yake ya kijani ilikuwa pazia
la hoteli iliyofungwa; mjomba alikuwa mlinzi pale,
na mshahara wa mwisho alilipwa kwa mapazia.
Cheti anacho. Umri unalingana.
Viatu ni vya kaka yake, vimejazwa karatasi mbele.
Nikasema, huyu amefika.
Nikafunga daftari.

Siku ya tano, saa nne hivi, uji unatokota,
nikaona kivuli mlangoni.
Nyevu, na sketi yake, anahema,
kikombe cha plastiki kakificha mgongoni.
Kule kengele ya mapumziko hulia tu,
haina sufuria chini yake.
Na tumbo lililozoea uji wa saa nne
halijui kwamba limehamishwa shule.

Hakusema kitu. Sikumuuliza.
Nilimimina.
Alikunywa wima, ulimi ukiungua,
akafuta midomo kwa kiganja, si kwa sketi,
akatimka. Nikapiga kelele: "Gari! Tazama gari!"
Wale wadogo wakaniangalia
kama niliyemwita mtu kwa jina geni.

Tangu hapo huja kila siku, huondoka mbio.
Wiki jana alikuja na swali la kugawanya,
akalisema huku anapuliza uji;
sikulijua upesi, nikamwambia aje kesho.
Usiku nililifanya mara tatu kwa taa ya koroboi.

Sasa ni muhula wa pili.
Daftari lina majina ishirini na tisa,
unga naupima wa thelathini.
Mfadhili atakuja na kalamu yake, atahesabu vikombe,
atahesabu vichwa, ataniangalia.
Aniangalie.
Nitamwonyesha mstari ule ulionyooka,
kisha nimwombe akae, kama ana nafasi,
hadi saa nne.